Mtunzi wetu wa ITAENDELEA leo kanitoa roho, kafungua jeneza kakimbia!

Wakuu, niko kwenye hiace ya Arusha–Moshi, Usa River tumeipita sasa hivi, mikono inatetemeka kwa hasira. Jina simtaji, mnamjua, nusu yetu tuko kwenye grupu lake la hadithi za mfululizo.

Jeneza, wakuu. JENEZA! Arosto zake, kutuacha na kiu ya sehemu inayofuata, tumezizoea tangu masika. Leo Sehemu ya 46, ukoo mzima uko msibani, mama wa marehemu anasema fungueni nimuage mwanangu. Msumari wa kwanza ukang'olewa, wa pili, kifuniko kikainuliwa, mjane akapiga yowe: "Huyu si…" ITAENDELEA.

Si nani?!

Chini yake: tuma buku mbili upate ya 47. Nikatuma, tena hela ya nauli ya kurudi. Inaanzaje? "Tuwaache waombolezaji kwanza, turudi nyuma miaka ishirini, kijijini Machame." Sehemu nzima mtu anapalilia kahawa! Shina baada ya shina! Na jeneza liko wazi, nzi wanaingia, mjane kaachama mpaka kesho.

Kukatishia utamuni sikatai, ndiyo raha ya hadithi za mfululizo. Ila ukishafungua jeneza, nionyeshe aliyemo! Nimeropoka "si nani?" gari zima likanigeukia, mama wa siti ya mbele ananipa pole ya msiba.

Chalii wa Ngarenaro: Buku mbili tu unalia hivyo? Mimi kuna jamaa kamwacha ananing'inia korongoni kwenye hadithi ile ya kwanza. Yupo hadi leo, mikono yake chuma.

Msomaji Mkongwe: Charles Dickens, Uingereza, mwaka 1836 alianza kutoa riwaya yake ya kwanza kwa vipande vya kila mwezi, shilingi moja kipande. Watu walilipa, wakangoja, wakapata mwendelezo. Huyu wetu anakula hela anatupeleka shamba.

Mama Sakina: Hiyo ya Machame mbona tamu? Mleta mada huna subira.

Mleta mada: Dada yangu, JENEZA LIKO WAZI!

Kijana wa Kiboriloni: Umetoa nauli ya kurudi ukasome kahawa? Utarudi Chuga kwa miguu mwanangu.

Mzee wa Tengeru: Bora huyo anayekula buku mbili kwa hadithi. Konda wa juzi kashika chenji yangu, kila nikidai "tulia mzee, mbele". Moshi nimefika, chenji hakuna.

Mama Sakina: Na wale wa jioni je? Nimelipa hadi Moshi, Bomang'ombe wanatufaulisha gari lingine, tumebanwa wanne siti ya watatu, na mtoto nimepakata.

Mzee wa Tengeru: Hao ndio wenyewe! Gari yao ina kioo cha nyuma kimefungwa kwa nailoni?

Mleta mada: Wakuu, tusitoke nje ya mada. Mwenye Sehemu ya 48 anirushie.

Mama Sakina: Hiyo hiyo mzee! Konda ana kofia nyekundu, mdomo mchafu!

Chalii wa Ngarenaro: Huyo wa kofia namdai na mimi.