Kapandikizwa figo, anameza dawa ya kuzuia fangasi, mbona ulimi una utando?

Nyamkara: Wakuu, naombeni ushauri. Baba mdogo kapandikizwa figo mwaka huu. Anameza takrolimusi na prednisoloni za kuzuia mwili usiikatae figo, pamoja na flukonazoli ya kuzuia fangasi. Sasa ulimi umejaa utando mweupe kama maziwa mgando, na kila tonge la ugali analimeza huku kakunja uso. Kliniki yake ni wiki ijayo. Jirani mwenye duka la dawa anasema flukonazoli imeshindwa, tuiache tununue ketokonazoli. Tufanyeje?

Mfamasia_Mstaafu: Msithubutu! Flukonazoli inalizuia ini lisivunje takrolimusi haraka, na dozi ya mzee imepangwa kwa hesabu hiyo. Mkiiacha kienyeji, takrolimusi inashuka kwenye damu na mwili unaweza kuanza kuikataa figo. Ketokonazoli nayo inalibana ini zaidi: takrolimusi inapanda, mikono inatetemeka, kreatinini (kile kipimo cha damu cha figo) inapaa. Pigeni simu kliniki leo leo.

Kibonge wa Tabata: Mkuu, sasa kinga ya nini kama fangasi anapenya?

Mfamasia_Mstaafu: Fangasi wako wengi, ndugu yangu. Candida krusei ana usugu wa asili kwa flukonazoli. Aspergillus, ule ukungu wa vumbi na mboji, flukonazoli haiugusi kabisa. Ndiyo maana utando ukwanguliwe, uoteshwe maabara, ijulikane ni yupi. Na hayo maumivu ya kumeza yasidharauliwe, huenda fangasi ameshashuka kwenye umio. Huko nistatini, dawa ya fangasi ya kusukutua, haitoshi.

Mama Wawili: Pole dada. Mume wangu naye ana figo ya kupandikizwa. Mwulizeni mzee taratibu kama dawa anazimeza kweli, maana wengine wakichoka vidonge huvificha chini ya godoro 😅 Kufagia banda la kuku au la njiwa asahau, vumbi lake hubeba fangasi. Akipata homa au kikohozi ni hospitali hapo hapo, si Panadol na kulala.

Nyamkara: Asanteni. Nimepiga. Wamesema aende kesho asubuhi, takrolimusi asimeze mpaka atolewe damu ya kupima kiwango. Duka la dawa nimelipa kisogo.

Mama Wawili: Hiyo dozi ya asubuhi aibebe mfukoni, aimeze akishatolewa damu. Foleni ya maabara unaijua mwenyewe.