Suruali ya moleskini kwa msimu wa baridi: gramu 450 au 330? Naombeni ushauri, nimekwama

Kijani Kibichi (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Natafuta suruali ya moleskini (kile kitambaa kizito ambacho jina lake kwa Kiingereza ni "ngozi ya fuko") ya kuvaa siku za kawaida wakati wa baridi, na nataka idumu. Nina mbili kichwani. Ya kwanza ni pamba tupu ya gramu 450 kwa mita ya mraba, ya kushonesha. Ya pili imeshonwa tayari, gramu 330, ina elastani (uzi unaovutika) asilimia 2. Ipi itachelewa kupauka magotini? Matumizi ni ya kawaida tu. Nijibuni leo, fundi ananisubiri kesho asubuhi.

Fuko Mstaafu
Suruali moja inaua mafuko wangapi? Nauliza kwa niaba ya ukoo.

Mtande na Mshindio
Fuko hajaguswa, hiyo ni pamba. Inafumwa kwa mtindo wa satini, nyuzi za mshindio, yaani zinazopita kwa upana, zinasongamanishwa kwa wingi, kisha uso unakwanguliwa hadi utoe vinyweleo vifupi laini. Jina limetoka hapo. Upepo unazuiwa na ule msongamano, vinyweleo vinachangia ulaini na joto kidogo.

Sasa jibu lako. Vinyweleo ndivyo vinavyokufa kwanza: magotini, makalioni, mapajani kwa ndani na ukingoni mwa mifuko. Pale panaanza kung'aa, halafu ufumaji unaonekana. Kitambaa chenyewe bado kina miaka yake hapo, ila sura imekwenda. Gramu 450 ina nyama zaidi ya kusuguliwa. Gramu 330 yenye elastani inakunjika vizuri, lakini elastani haipendi joto, na ikichoka goti linabaki na kibunda hata ukisimama wima.

Mzee wa Kadeti
Mimi sioni haja ya haya yote. Kadeti nzito inakauka haraka, haikamati vumbi wala manyoya ya paka, na ukipiga pasi mbele haiharibiki. Moleskini nyeusi ni sumaku ya uchafu. Koduroi nayo ina michirizi inayopauka mistari mistari. Vaa kadeti, vaa suruali ya ndani ya joto, lala.

Kijani Kibichi
Mzee wangu, asante, ila kadeti sikuuliza. Nimeshaamua moleskini, swali ni gramu.

Sindano Namba 16
"Matumizi ya kawaida" ni yapi? Kukaa, kutembea, kupiga magoti bustanini? Bila hilo tunapiga ramli.

Kijani Kibichi
Kukaa zaidi.

Sindano Namba 16
Kukaa wapi?

Kijani Kibichi
Kwenye pikipiki. Saa nzima alfajiri, na saa nzima jioni. Sikutaja kwa sababu nilijua mtahamia kwenye mambo ya helmeti.

Mtande na Mshindio
Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe! Kwa upepo umechagua vizuri, jeshi la Ujerumani lilivaa sare za moleskini miaka mingi. Ila mambo matatu yanabadilika.

Mvua: pamba nzito ikilowa inashika maji, inakuwa nzito, na upepo wa mwendo unakunyonya joto. Kukauka kwake ni kesho, si leo. Beba suruali ya mvua ya kuvalia juu, ya nailoni, hata kwa manyunyu.

Kiti: msuguano wote unahamia makalioni na kwenye msamba, goti linakuwa la pili. Mwambie fundi aweke kipande cha pili cha kitambaa hicho hicho ndani ya makalio, na kipande chenye umbo la almasi kwenye msamba ili mishono minne isikutane pointi moja. Pale inapokutana ndipo suruali za pikipiki huchanika.

Kuanguka: moleskini haikingi mkwaruzo wa lami. Kama unataka kinga, ni pedi za magoti na suruali iliyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Sindano Namba 16
Nyongeza ya vipimo. Ukikaa kwenye pikipiki suruali inapanda: ongeza sm 4 za urefu wa mguu na sm 3 za kina cha nyuma, la sivyo mgongo utakuwa hadharani. Sindano namba 16, uzi wa poliesta, mshono wa mm 3. Pindo likunjwe mara moja tu, sm 3, baada ya kupita ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo. Likikunjwa mara mbili linakuwa gumu kama mkanda. Mifuko ya ndani na upande wa ndani wa kiuno vishonwe kwa pamba nyembamba. Upana wa goti umepanga sm ngapi?

Kijani Kibichi
Sm 19 bapa, suruali ikilazwa mezani. Napenda modo, na msinihukumu. Kitambaa kitaachia chenyewe kikizoea mwili.

Mama Pindo
Vijana mnabana miguu halafu mnalalamika damu haitembei. Wazazi wenu walivaa suruali zinazopitisha hewa na wakafika salama.

Sindano Namba 16
Mama Pindo kasema kwa ukali wake, lakini hesabu iko upande wake. Pamba tupu ya gramu 450 haiachii hivyo. Kaa, kunja goti, pima mzunguko, ongeza sm 6, gawa kwa mbili. Hiyo ndiyo bapa yako.

Kijani Kibichi
Mzunguko nikikaa ni 40. Kwa hiyo 23? Hapana, hiyo ni suruali ya babu. Isitoshe hiki changu ni imara kuliko mnavyodhani, kiko hapa mezani. Kipande kilichouzwa kama mita 1.3 kwa upana wa 1.5, nimekipima kwenye mzani wa jikoni, kilo 1.4.

Hesabu za Vidole
Ngoja. 1.3 mara 1.5 ni mita za mraba 1.95. Kilo 1.4 gawa kwa 1.95 ni gramu 718 kwa mita ya mraba. Hiyo si moleskini ya suruali, hiyo ni turubai. Juu ulisema 450. Tena ulikuwa unachagua kati ya mbili, kumbe kitambaa umeshanunua? Wakuu, hii ni chai. Kama si chai, ni muuza vitambaa anatafuta wateja.

Fuko Mstaafu
Gramu 718! Humo fuko yumo mzima.

Mzee wa Kadeti
Niliwaambia kadeti.

Kijani Kibichi
Si chai jamani. Nimenunua, ndiyo, wiki iliyopita. Na nilikipima kikiwa kimelowa. Jana nilikiloweka kwenye maji ya moto, ya nyuzijoto 60 hivi, kwa hofu kwamba kingeruka, yaani kingejikusanya, baada ya kushonwa. Maji yalitoka kijani kabisa, nikaona aibu kusema. Nimekiharibu?

Mtande na Mshindio
Kumbe hapo ndipo ulipofanya la maana! Kama kitambaa hakikurushwa kiwandani, asilimia 3 hadi 5 za urefu hupotea kwenye fuo za kwanza, na ni heri zipotee kabla ya mkasi. Ila nyuzi 60 ni nyingi kwa rangi, 40 zingetosha. Suuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe, anika kivulini kikiwa kimelazwa, usikikamue kwa kukisokota kwa sababu mikunjo itakaa kwenye vinyweleo. Kikikauka, pima tena.

Kijani Kibichi
Kimekauka. Gramu 880. Urefu sm 125, upana 148.

Hesabu za Vidole
Kabla ya maji: 880 kwa 1.95 ni 451. Muuzaji wako alikuwa mkweli. Sasa ni kama 475, kwa sababu kimejikusanya. Urefu umepungua asilimia 3.8. Mguu wa sm 78 kwa ndani ungerudi 75. Neno chai naliondoa, la kuficha ficha linabaki.

Sindano Namba 16
Sm 125 zinatosha, lakini vipande vyote lazima vielekee upande mmoja. Pitisha kiganja juu ya uso: upande mmoja unateleza, mwingine unakataa. Chora mishale kwa chaki upande wa nyuma kabla hujampelekea fundi. Akigeuza mguu mmoja ili abane kitambaa, mguu huo utaonekana na rangi tofauti juani na hakuna dawa. Pasi ni ya mvuke, upande wa nyuma. Goti 23.

Kijani Kibichi
Mishale nimechora. Goti 22.