Fizikia ya kwanta kwenye utafiti wa ubora wa mfumo wa korosho: niiache au niitetee?

Binti_wa_Mikindani (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wanajukwaa. Nasoma uzamili wa biashara hapa Mtwara mjini na niko kwenye kuandaa andiko la utafiti. Naombeni mnisome mpaka mwisho, maana mada yangu imegusa mambo matatu ambayo kwa kawaida hayakutani.

La kwanza ni mfumo wa kompyuta unaotumiwa na makarani wa AMCOS (vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima) kupokea korosho. Mkulima anafika na magunia, yanapimwa, karani anaingiza kilo na daraja, mzigo unapelekwa ghala kuu, mnada unafanyika, hela inaingia benki. Nataka kupima ubora wa huduma ya mfumo huo. La pili ni mkakati: chama kikuu, kile kinachounganisha AMCOS, kiweke nguvu wapi ili mkulima asishawishike na kangomba? Kwa wasiotoka Kusini, kangomba ni ule ununuzi wa kificho, mtu anapita nyumba kwa nyumba na fedha mkononi, ananunua nje ya mnada kwa bei ya kumuumiza mkulima. Umekatazwa, lakini kila msimu haukosekani.

La tatu ndilo linaloninyima usingizi. Nikiwa Tandahimba najaribu dodoso, wakulima niliowauliza kwanza "umeridhika na bei ya mnada?" halafu "umeridhika na mfumo wa mapokezi na malipo?" waliusema vibaya mfumo. Niliowaanzia na mfumo waliusifia kiasi, na hata bei wakaizungumzia kwa upole. Msimu uleule, ghala lilelile. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, umeshanikumbusha bei, sasa unataka nikusifie kompyuta?"

Nikaanza kusoma. Nikakutana na watafiti Jerome Busemeyer, Zheng Wang na wenzao, wanaotumia hesabu za fizikia ya kwanta (ile inayoeleza vitu vidogo mno kama atomi) kueleza kwa nini mpangilio wa maswali unabadilisha majibu ya watu. Mwaka 2014 walichapisha uchambuzi wa tafiti 70 za maoni za kitaifa za Marekani. Nikaandika sura nzima. Msimamizi wangu kasema niitoe, nibaki na SERVQUAL, lile dodoso maarufu la kupima ubora wa huduma, kama wenzangu. Namheshimu sana na sitaki kubishana naye bila hoja. Ndiyo maana nauliza hapa: hii ni sayansi au ni pambo? Na kama ni sayansi, mtu wa biashara anaweza kuitumia bila kumdanganya msomaji wake?

Karani_Newala

Dada, kwanta siijui, mfumo naujua. Kabla hujafika mbali, jiulize ni nani hasa anayehudumiwa na hiyo programu. Mkulima haigusi. Anaona mzani, ananiona mimi, anapewa karatasi yake, baadaye anasubiri ujumbe wa benki kwenye simu. Basi.

Kuna siku mtandao unakatika tangu asubuhi. Naandika kwenye daftari, usiku naingiza kila kitu nikiwa nyumbani. Siku hiyo mkulima ameondoka ameridhika kwa sababu karatasi anayo, mimi ndiye niliyeumia. Siku nyingine mfumo unakwenda vizuri kabisa, ila bei ya mnada imeshuka, na hapo utasikia "huu mfumo wenu mbovu". Ukimuuliza mkulima kuhusu programu, anakujibu kuhusu karani na kuhusu bei. Hilo uliloliona Tandahimba sisi tunaishi nalo.

Mwalimu_Nachingwea

Mdogo wangu, nafundisha fizikia sekondari kwa miaka mingi na swali lako limenifurahisha kweli, kwa sababu umeanza na kitu ulichokiona kwa macho. Wengi huanza na neno kubwa, kisha wakatafuta pa kulibandika.

Tuondoe kwanza lisilokuwepo. Mkulima si elektroni. Kipimo kinachotawala mambo ya kwanta, namba ya Planck, ni kidogo mno: 6.626 mara 10 kwa kipeo cha hasi 34, kwa jouli sekunde. Kwenye gunia la korosho huwezi kukihisi. Na hao kina Busemeyer hawadai kwamba ubongo ni mashine ya kwanta. Wamechukua hesabu tu, ile namna ya kukokotoa uwezekano. Ukiandika kwamba "wateja wana tabia ya kwanta", msimamizi atakuwa na haki ya kuifuta sura yote.

Sasa lililopo. Mwaka 1922 Otto Stern na Walther Gerlach walipitisha atomi za fedha katikati ya sumaku, zikagawanyika makundi mawili badala ya kusambaa. Hapo ndipo somo lenyewe linapoanza: ukipima atomi kwa sumaku iliyosimama kisha kwa iliyolala, na ukigeuza mpangilio, matokeo hayafanani. Kipimo cha kwanza kinaiacha atomi katika hali mpya, na kipimo cha pili kinaikuta katika hali hiyo. Mwanahesabu atakwambia vipimo hivyo havibadilishani nafasi. Swali la bei na swali la mfumo, kwa ulivyoeleza, nayo hayabadilishani nafasi.

Lakini subiri, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Kubadilika kwa matokeo peke yake hakuthibitishi kwanta. Chukua boksi la chaki, lilaze mbele yako, ligeuze kwenda kulia halafu kwenda mbele. Rudia kwa kuanza na mbele. Litaishia limekaa tofauti, na hakuna kwanta yoyote kwenye boksi la chaki. Kwa hiyo ukisema "mpangilio umebadilisha majibu, basi ni kwanta", umeruka daraja.

Kilichoifanya kazi ya Wang na Busemeyer ipate uzito ni utabiri mmoja mkali, na unaweza kuupima kwa kikokotoo cha simu. Gawanya wakulima makundi mawili. Kundi la kwanza linaulizwa bei kisha mfumo, la pili mfumo kisha bei, yote kwa ndiyo au hapana. Hesabu zao zinasema hivi: idadi ya waliotoa majibu yanayopishana (ndiyo kwa moja, hapana kwa jingine) lazima iwe sawa katika makundi yote mawili, hata kama mengine yote yamehama.

Tuseme kila kundi lina watu 200. Namba hizi nazitunga ili uelewe. Kundi la bei kwanza: 40 ndiyo zote, 80 hapana zote, 30 wameridhika na bei tu, 50 na mfumo tu. Waliopishana ni 80. Kundi la mfumo kwanza: 75 ndiyo zote, 45 hapana zote, 20 bei tu, 60 mfumo tu. Waliopishana tena 80. Kuridhika kumepanda sana, lakini 80 imebaki 80. Hesabu hizo hazina kiwango chochote unachoweza kukirekebisha ili namba zikae. Ama zinakaa, ama hazikai. Mimi napenda utabiri wa namna hiyo, unaoweza kuanguka mbele za watu.

Utabiri huo una sharti moja: kati ya swali la kwanza na la pili asiingize mtu habari mpya. Msaidizi wako akianza kufafanua "mfumo maana yake ni ile kompyuta ya karani", jaribio limeharibika. Maelezo yote yatolewe mwanzoni, sawa kwa wote.

Na uwe mkweli katika kuandika. Mwaka 2018 David Kellen na wenzake walionyesha kwamba modeli za uwezekano wa kawaida nazo zinaweza kutoa usawa huohuo. Andika "matokeo yanaendana na utabiri huu". Usiandike "yamethibitisha".

Mstaafu_Ligula

Nilifundisha menejimenti kabla ya kustaafu. Niongeze upande wa biashara, maana wote mmeuacha nyuma.

Binti, msimamizi wako hajakosea kutaja SERVQUAL. Parasuraman, Zeithaml na Berry waliitoa mwaka 1988, ina kauli 22 na nyanja tano, na imetumika kila mahali. Tatizo ni kwamba kauli hizo huulizwa mara mbili, mara moja kuhusu matarajio na mara moja kuhusu alichokipata, jumla 44, kwa mizani ya ngazi saba. Mkulima aliyekaa kwenye foleni ya ghala juani utampa kauli 44? Cronin na Taylor walishapendekeza mwaka 1992 kwamba upime utendaji peke yake. Chukua njia yao. Na mtu akikushauri E-S-QUAL ya mwaka 2005, dodoso la ubora wa huduma za mtandaoni, kumbuka ilijaribiwa kwa wateja wa maduka ya mtandaoni ya Amazon na Walmart, watu wanaobofya wenyewe. Karani wa Newala kakupa darasa bora kuliko vitabu: wa kuulizwa kuhusu upatikanaji na kasi ya programu ni karani, wa kuulizwa kuhusu karatasi, ujumbe na muda wa malipo ni mkulima. Madodoso mawili.

Mkakati sasa. Jay Barney, msomi wa mkakati wa biashara, aliandika mwaka 1991 kwamba rasilimali hukupa faida ya kudumu ikiwa na thamani, ikiwa adimu, ikiwa ngumu kuigwa na ikiwa haina mbadala. Programu ambayo kila AMCOS inaitumia si adimu. Basi hata ikinyooka vipi, haiwezi kuwa mkakati wa chama kimoja. Kinachoweza kuwa adimu ni karani anayemweleza mkulima makato yake mstari kwa mstari mpaka akaelewa. Mshindani wa chama ni kangomba, na kangomba hana programu yoyote, ana fedha taslimu na maneno matamu.

Ndiyo maana jaribio lako la mpangilio lina thamani kwa meneja, kuliko unavyoliuza mwenyewe. Kama lawama za mfumo zinapungua kwa kugeuza maswali tu, chama kinaweza kumwaga mamilioni kutengeneza programu huku uchungu wenyewe uko kwenye bei. Anza na hoja hiyo kwa msimamizi. Iite kinga ya usahihi wa vipimo, uiweke kwenye sura ya mbinu. Kwanta iwe kifungu kimoja ndani yake, kurasa mbili. Nadhani atakubali.

Binti_wa_Mikindani

Shikamoo mwalimu, shikamoo mzee. Asanteni mno, na kaka karani pia. Sura naivunja kesho, naijenga upya kama mzee alivyosema. Mwalimu, nina mawili. Ndiyo na hapana naziweka wapi wakati dodoso lote ni la ngazi tano? Na je, Tandahimba niwape mpangilio mmoja, Masasi mwingine?

Mwalimu_Nachingwea

Marahaba. Maswali hayo mawili ya ndiyo na hapana yaweke mwanzo kabisa, kabla mtu hajachoshwa na hajaambukizwa na maswali mengine. Ngazi tano zifuate baadaye.

La pili: hapana, hapana kabisa. Bei za minada hutofautiana, ukigawa kwa wilaya hutajua kama umepima mpangilio au umepima bei. Changanya ndani ya foleni ileile. Kishikwambi kinaweza kuchagua chenyewe kwa kila mtu, kama huna rusha sarafu. Msaidizi asichague, hata akiwa mwaminifu vipi.

Karani_Newala

Nami niongeze la mwisho, dada. Usije siku hela zimeingia wala siku mnada umevunjika kwa wakulima kukataa bei. Siku hizo utapata jibu moja tu hata ugeuze maswali vipi. Njoo wakati wa kupokea mzigo, kabla ya mnada wa wiki ile, asubuhi jua halijawa kali. Dodoso la makarani nitumie mapema niwagawie wenzangu, mchana hatuna nafasi, tutalijaza usiku tukimaliza kuingiza kilo.