Msaada wa haraka: "livestock" kwa Kijerumani ni ng'ombe au mifugo yote?

Mrangi_Mtulivu: Wakuu habari za usiku. Wanaojua Kijerumani, naomba msaada. Neno la Kiingereza "livestock" Wajerumani wanaliitaje? Kwa uelewa wangu ni ng'ombe, nataka uhakika tu. Asanteni.

Mwalimu wa Zamu: Livestock ni mifugo yote mkuu: mbuzi, kondoo, nguruwe, hata kuku. Kijerumani ni Vieh, tamka "fii". Kitaalamu husema Nutztiere. Ng'ombe ni Rind, wengi Rinder. Jike aliyezaa ni Kuh, mtamba ni Färse, dume Bulle, maksai Ochse, ndama Kalb.

Mrangi_Mtulivu: Shukrani. Lakini nimetafuta mtandaoni nikakuta Fleckvieh na Braunvieh, picha zote ni ng'ombe watupu. Kwa hiyo Vieh ni ng'ombe, sijakosea.

Mwalimu wa Zamu: Hizo ni aina za ng'ombe. Fleckvieh wamejaa Bavaria, kusini mwa Ujerumani, Braunvieh nenda Allgäu, kusini huko huko. Vieh likisimama peke yake linabeba mpaka nguruwe.

Mtoto wa Mkoloni: Mshua alisoma Ujerumani Mashariki miaka ya 80. Ukimuudhi anakuita Rindvieh. Nimefika kidato cha pili najua ni jina la babu mzaa babu, kumbe naitwa mjinga 😂😂

Mama Kuku wa Kisasa: Mimi nina kuku chotara Kibaha, mifugo ina hela jamani, acheni kudanganywa na Ulaya. Mwaka jana kideri kilipita nikabaki na majogoo tu, na bado nipo.

Hannover Kwetu: Mleta mada, neno moja tu ndiyo linakukosesha usingizi saa hizi? Hapo kuna mkataba. Wa wapi?

Mrangi_Mtulivu: Ni kweli kuna nafasi ya Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi Ujerumani, miaka 3, kusomea Tierwirt, fani ya ufugaji. Nakala ya Kiingereza niliyopewa na wakala imeandikwa livestock. Shamba liko Vechta. Ila swali langu lilikuwa la neno tu.

Hannover Kwetu: Vechta! Kule na jirani zao wa Cloppenburg ni nguruwe na kuku kila kona. Tierwirt ina matawi matano: ng'ombe, nguruwe, kuku, kondoo, nyuki. Fungua nakala ya Kijerumani, tafuta neno Fachrichtung, yaani tawi, andika hapa kinachofuata.

Mwalimu wa Zamu: Tunasubiri.

Mwalimu wa Zamu: Mleta mada kaingia mitini?

Mrangi_Mtulivu: Schweinehaltung, ufugaji wa nguruwe. Nilishaliona zamani. Wakuu msinihukumu. Mzee wangu ni alhaji, Kondoa nzima inajua naenda kuhudumia ng'ombe wa Wazungu. Nimeshasaini, na hela ya wakala imetoka kwenye ng'ombe wa mzee. Kula sili, nitavaa glavu. Sasa kama Vieh ni mifugo yote, nikiwaambia nyumbani nafuga Vieh nitakuwa nimedanganya?

Sheikh Mtarajiwa: Dogo umetafuta fatwa kwenye kamusi. Nenda kaongee na mzee wako.

Mtoto wa Mkoloni: Glavu miaka mitatu 😂 utarudi na vidole vya mtoto mchanga.

Chief Mpelelezi: Hii ni chai, tena sukari imezidi. Akaunti hii hii ilileta uzi wa kuuza kiwanja Kigamboni, mwenyewe akajiita mstaafu. Leo kijana wa Kondoa?

Mrangi_Mtulivu: Akaunti ni ya mjomba, tunatumia wote.

Chief Mpelelezi: Mjomba ndiye anaenda kusomea nguruwe basi. Weka mkataba, ficha majina.

Mrangi_Mtulivu: Mkataba siweki. Anayeona naongopa apite.

Mama Kuku wa Kisasa: Hata kama ni chai mimi nimeshainywa. Endeleeni.

Hannover Kwetu: Chai au si chai, wenye jambo kama hili wapo, kwa hiyo naandika. Kwenye Ausbildung ya namna hii mwenye shamba ndiye anakulipa posho kila mwezi, sasa jiulize hela ya wakala ilikuwa ya nini. Mwandikie mwenye shamba mwenyewe kabla ya viza, mwambie unataka Rinderhaltung, tawi la ng'ombe. Hana ng'ombe? Tafuta shamba lingine ukiwa bado nyumbani. Usijipe moyo kwamba utahama ukifika: muda wa majaribio ni mwezi 1 hadi 4, unaweza kuacha, lakini kibali chako kimefungwa kwenye mafunzo hayo. Halafu Kijerumani una kiwango gani?

Mrangi_Mtulivu: A2. Wakala anasema inatosha.

Hannover Kwetu: Kwa kawaida viza hiyo inataka B1, ngazi ya juu ya A2.

Mrangi_Mtulivu: Miadi ya ubalozi ninayo, siwezi kurudi nyuma. Wakala kasema nisiwe na wasiwasi.

Mwana Mbulu: Mkuu mimi kitimoto nakula, na nguruwe nimefuga. B1 ninayo, nilifanyia mtihani Dar. Hiyo nafasi ukiiachia niunganishe na mwenye shamba. Wakala simtaki.