Mbwa wangu anarudi kinyumenyume na kujivua hanesi. Nimekosea wapi?

Binti Kiluvya
Habari za jioni wakuu. Nina mbwa dume wa miaka miwili, chotara: mama wa kienyeji, baba German Shepherd wa jirani aliyeruka ukuta. Anaitwa Simba (alikuja na jina lake, mimi ni Yanga, tusifike huko). Ana kilo 24. Nilimbeba nikapanda naye kwenye mizani, kisha nikatoa uzito wangu, ambao hamuambiwi.

Zamani nilimtembeza kwa kola ya shingoni. Anavuta kama anawahisha mgonjwa hospitali, halafu anakohoa kikohozi kikavu mpaka watu wanageuka. Nikashauriwa nimnunulie hanesi, ule mkanda wa kifuani na mgongoni, ili mvuto usiishie kooni. Dukani muuzaji akauliza aina ya mbwa na kilo, akanipa L. Elfu 45 ikaenda.

Jumamosi tukaenda chanjo ya kichaa cha mbwa pale serikali ya mtaa. Foleni ndefu, mbwa wanabwekeana, watoto wamejaa. Simba kuona sindano tu, akainamisha kichwa, akakaza miguu ya mbele, akarudi nyuma hatua mbili. Nikabaki na kamba na hanesi tupu mkononi, mbwa yuko barabara kuu. Bodaboda mmoja alifunga breki hadi abiria akamkumbatia. Tulimpata baada ya dakika arobaini kwa muuza utumbo, na chanjo hajapata mpaka leo.

Swali: tatizo ni saizi au ni aina ya hanesi? Nikijaribu kukaza zaidi inamchubua kwapani, manyoya yameanza kutoka.

Mkongwe wa Mbezi
Mbwa anavalishwa sidiria siku hizi? Kwetu ni mnyororo na kufuli, mbwa haendi popote.

Tairi Bovu
Mkongwe, wewe mbwa wako hajawahi kuona nje ya geti. Mwache dada asaidiwe.

Mstaafu wa Mifugo
Dada pole, na shukuru bodaboda alikuwa macho.

Kabla sijasema neno, nipe vitu viwili. Kwanza, mtazame mbwa kwa mbele akiwa amevaa: mkanda wa kifuani unapita mlalo, kutoka bega hadi bega, au unashuka katikati ya kidari kama herufi Y? Pili, vipimo. Chukua futi ya fundi cherehani, au kamba ya kawaida kisha uilaze kwenye rula. Mbwa awe amesimama, si amekaa. Pima shingo pale inapokutana na mabega, siyo juu kola inapokaa. Pima kifua sehemu nene kuliko zote, vidole vitatu au vinne nyuma ya kwapa. Pima kiuno, na uzungushe kichwa pia, mbele kidogo ya masikio.

Habari ya kilo na aina ya mbwa iache kwa muuzaji. Mbwa wawili wa kilo 24 wanaweza kupishana kifua kwa kiganja kizima.

Binti Kiluvya
Ni wa mlalo. Vipimo (nimeng'atwa kidole kwa utani): shingo 45, kifua 70, kiuno 54, kichwa 43. Zote sentimita.

Halafu nimeona aibu. Kwenye lebo ya hanesi wameandika kifua 75 hadi 95.

Tairi Bovu
😂😂 Umemvalisha mtoto suti ya baba yake.

Mstaafu wa Mifugo
Basi jibu umelipata mwenyewe, nusu yake. Hata ukiikaza mpaka mwisho, hanesi hiyo inamzidi sentimita tano.

Nusu ya pili ni umbo. Mbwa wetu wenye damu ya kienyeji wengi wana kifua kilichoshuka, kiuno chembamba, na shingo karibu sawa na kichwa. Huyo wako kichwa 43, shingo 45, yaani kichwa hakizuii kitu chochote. Akirudi nyuma huku wewe unavuta kwa mbele, mkanda wa mlalo unapanda kuelekea shingoni, ule wa mbavuni unafuata, anatoa kiwiko kimoja, cha pili, kwisha. Hiyo ya mlalo pia inakaa juu ya mabega na kuyabana anapotembea. Tafuta ya Y: inashuka katikati, inalala juu ya mfupa wa kidari, inapita kati ya miguu ya mbele, na mabega yanabaki huru.

Michubuko ya kwapani: mkanda wa mbavuni uko mbele mno. Kukaza hakusaidii, unasaga tu ngozi. Ukae nyuma ya kwapa vidole vitatu hivi, pale ulipopimia. Ukishafunga, vidole viwili bapa vipite chini ya kila mkanda bila kulazimisha. Ngumi ikipita, umelegea. Vidole vikigoma, umembana.

Kwa sasa mpumzishe hanesi mpaka ngozi ipone. Ikitoa majimaji, mwonyeshe daktari wa mifugo.

Mama Chui
Naongezea kitu. Wangu ni mwembamba kiunoni zaidi ya huyo, Y peke yake haikutosha, alitoka nayo mara mbili. Suluhisho ni mkanda wa tatu, unaozunguka karibu na mwisho wa mbavu. Ukifungwa pale kwenye wembamba, hauwezi kupita mbele kwa sababu kifua ni kinene. Dukani sikupata, nikaenda kwa fundi viatu na utepe wa begi la zamani la shule na klipu zake. Alinitoza elfu 7. Wa tatu usiukaze sana, tumbo linahitaji kupumua baada ya chakula.

Mstaafu wa Mifugo
Mama Chui umesema kweli. Ila mwambie fundi ashone kisanduku chenye X ndani, kwa uzi wa nailoni. Mshono wa mstari mmoja unafumuka siku unayouhitaji. Na asitumie ngozi, ikinyeshewa inakauka na kuwa ngumu kama ubao.

Mvuvi wa Nyali
Sisi wa pwani tunaongeza jambo moja: ukimpeleka ufuoni, hanesi ioshwe kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, siku hiyohiyo. Mchanga ukibaki kwenye mkanda unafanya kazi ya msasa. Na zile pete za chuma rahisi zinashika kutu ukizitazama.

Jirani Mwema
Mimi nina tofauti kidogo na nyie. Hanesi haimfundishi mbwa kutovuta. Pete ya kufungia kamba ikiwa mgongoni, kwa mbwa mvutaji ni kumpa raha tu, anavuta kwa kifua kizima bila kuumia. Tafuta yenye pete ya mbele kifuani. Akivuta, anageuzwa kukutazama.

Mstaafu wa Mifugo
Kweli, lakini si dawa pekee. Pete ya mbele kwenye hanesi iliyolegea inaivuta yote upande mmoja na kumchubua upya. Ikae sawa kwanza. Halafu kila akivuta, simama. Kamba ikilegea, tembea. Wiki ya kwanza utatumia nusu saa kufika dukani kwa Mangi.

Mama Chui
Pia mwachie kola yake, uunganishe kola na hanesi kwa kikamba kifupi kilicholegea. Akiponyoka kwenye hanesi, kola inamshika. Hanesi mvue mkirudi nyumbani, asilale nayo, wala usimfungie nayo uani siku nzima. Ataitafuna au atajinasa.

Kijana wa Boko
Dada, hiyo L unaiuza? Nina boerboel, lile jamii la mbwa wakubwa, kifua 88. Natoa elfu 25.

Binti Kiluvya
@Kijana wa Boko, 30 na uje uichukue mwenyewe. Duka wamekataa kuibadilisha kwa sababu ya manyoya, na hapo siwalaumu.

Binti Kiluvya
Mrejesho, leo Alhamisi. Kijana wa Boko alikuja na 28. Nimepata M ya Y, kifua 60 hadi 80, pete mbili. Fundi viatu kaongeza mkanda wa tatu kwa elfu 8, alivyomwona Simba akataka elfu 10. Kashona kisanduku na X, nilimsimamia kama fundi wa nguo ya harusi.

Nimejaribu ndani ya geti, nimelifunga kwanza. Nikasimama mbele yake, nikavuta kamba polepole ili arudi nyuma. Mara ya kwanza akainamisha kichwa, mkanda wa mbele ukapanda kidogo ukaishia kwenye shingo, wa tatu ukagoma kwenye mbavu. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alikaa chini akanitazama kama ninamdai. Vidole viwili vinapita kila mahali, isipokuwa mkanda wa kulia wa mbavuni, huo nimeulegeza tundu moja.

Jumamosi tunarudi kwenye chanjo, kola na kikamba juu. Tutapita njia ya nyuma, maana muuza utumbo anasema ile siku Simba alikula wa elfu 3.