Tafakari ya jioni ya Mt. Inyasi inaishia kwenye huzuni. Hatua gani inarukwa?

Mwanakwaya
Tumsifu Yesu Kristo. Wenye uzoefu wa Mazoezi ya Kiroho, yaani mwongozo wa sala na tafakari wa Mt. Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, nisaidieni. Natafakari siku yangu dakika 15 kabla ya kulala, lakini naishia kuhesabu makosa na kulala na moyo mzito.

Katekista
Milele amina. Umeruka shukrani. Hatua ni tano: kushukuru, kuomba mwanga, kuipitia siku saa kwa saa, kuomba msamaha, kukusudia ya kesho. Wengi huanzia ya nne, ndiyo maana wanatoka na huzuni. Jaribu dakika 4 za shukrani, 1 ya kuomba mwanga, 6 za kuipitia siku, 2 za msamaha, 2 za kesho. Shukrani nayo iwe na jina: kikombe cha chai ya saa nne ulichomiminiwa na mwenzako kabla hujaomba. "Asante kwa uzima" haigusi moyo.

Dada wa Mafungo
Kwenye hatua ya tatu, uliza moyo ulichangamka wapi na ulisinyaa wapi. Usijihukumu hapo, wivu au hasira kukupitia tu si dhambi. Inyasi aliligundua hili mwaka 1521 akiuguza mguu uliovunjwa na mzinga vitani Pamplona, Hispania. Akiwaza sifa za kidunia alifurahi, kisha akabaki mkavu. Akiwaza kuwaiga watakatifu, furaha ilibaki hata mawazo yalipokwisha. Kwa hiyo iangalie furaha mwishoni mwake, imekuachia nini? Andika daftarini neno moja na saa: "wivu, saa tatu usiku". Baada ya wiki mbili utaona kinachojirudia, labda ni simu unayoshika kabla ya sala.

Katekista
Na ukavu wa roho ukija, yaani sala ikikosa ladha, usibadili uamuzi uliofanya wakati wa faraja, moyo ulipochangamka kwa Mungu. Kuacha kwaya, kuvunja uchumba, vyote visubiri. Inyasi anataka tuzidishe sala kidogo hapo: dakika 15 zikikuelemea, kaa 16. Ila huzuni ikikaa wiki mbili, usingizi na hamu ya kula vikapotea, nenda hospitali pia.

Mwanakwaya
Asanteni sana. Na siku ambayo sikumbuki chochote?

Dada wa Mafungo
Anza na mwili, ndugu yangu. Mabega yalikaza saa ngapi? Nani alikuwa mbele yako? Kaa hapo hapo, siku nzima iache.