Mjadala: Mwenye karakana ya vijana wanne naye alipie Mfuko wa Fidia?

Fundi Mkuyuni
Wakuu, naomba tujadili hili bila matusi. Nina karakana ya mageti na madirisha hapa Mkuyuni, Mwanza, vijana wanne, na mwingine wa tano anaitwa kazi ikizidi. Nalipa kodi ya fremu, TRA, leseni ya halmashauri, na luku inayoliwa na mashine ya kuchomelea asubuhi mpaka jioni. Sasa naambiwa lazima nijisajili pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule wa kulipia wanaoumia kazini. Hoja yangu: mambo hayo ni ya migodi na viwanda vya minofu ya samaki. Sisi wadogo tuachwe. Mtu akiumia tunamalizana kifundi, kama siku zote. Hivi karibuni diski ya grenda ilipasuka ikamchana kijana wangu mguu, nikamkimbiza hospitali kwa bajaji, nikalipa kila kitu. Na mwenyewe alikuwa kavaa kandambili! Nani mkosaji hapo?

Binti Igombe
Subiri kwanza. Kandambili? Kwenye grenda? Na wewe ulikuwa wapi?

Msomi wa Nyegezi
Fundi, sheria ni ya 2008 na Mfuko ulianza kazi 2015. Haikutaja migodi peke yake, ni kila mwajiri Tanzania Bara. Unachangia asilimia moja ya mishahara unayolipa.

Karani Ilemela
Asilimia moja ni ya zamani, Msomi. 2021 sekta binafsi ilishushwa hadi 0.6, na tangu 2022 ni 0.5. Vijana wanne wakilipwa jumla 1,200,000 kwa mwezi, mchango ni 6,000. Na unatoka mfukoni kwa mwajiri, kijana hakatwi hata shilingi.

Fundi Mkuyuni
Binti, nilikuwa nje napima geti la mteja. Usinifundishe karakana, nimeanza kushika koleo la kuchomelea wewe hujazaliwa. Hawa vijana ukiwanunulia buti, Jumamosi wanaingia nazo mnadani wanaziuza.

Binti Igombe
Umri wangu umeujulia wapi? Kaka yangu alipoteza jicho kwa cheche ya chuma. Bosi wake alikuja nyumbani na katoni ya soda, akasema "pole, ni mipango ya Mungu," na hatukumwona tena. Alikuwa anafanya kazi bila miwani kwa sababu bosi alisema miwani ni gharama. Vifaa vya kinga anatoa mwajiri, tena bure. Ipo kwenye Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003. Akiuza buti mwandikie barua ya onyo, lakini grenda asiishike na kandambili.

Ngosha wa Buzuruga
Hapo kwenye "kumalizana kifundi" ndipo penye shida. Maana yake mwenye jeraha anakubali elfu hamsini kwa sababu nyumbani hakuna unga.

Fundi Mkuyuni
Ngosha, mimi sijampa mtu elfu hamsini! Kijana anakula kwangu mpaka leo. Muulize mama yake.

Mama Dagaa Kirumba
Jamani, na bima nayo tuiseme. Mimi nina ghala la dagaa karibu na mwaloni. Nilikata bima ya moto kwa kampuni moja nisiyoitaja. Wakala akaniandikia mzigo wa milioni tano, eti nisilipe nyingi, wakati ghalani kulikuwa na wa milioni kumi. Ukazuka moto, ukala dagaa wa milioni nne. Nikajua nne zitarudi zote, si ziko chini ya tano? Nikalipwa mbili. Wanasema umekatia nusu ya thamani, unalipwa nusu ya hasara. Wakala hakunieleza hilo hata siku moja. Na wenye mikopo msijidanganye kwamba mna bima. Ile ya mkopo inailinda benki.

Msomi wa Nyegezi
Pole sana, mama. Ila hiyo ni bima ya mali, hapa tunajadili watu.

Mama Dagaa Kirumba
Na mimi ni mtu, Msomi. Nina akina mama sita wanaoanika dagaa, na mishahara yao ilikuwa humo ghalani.

Karani Ilemela
Fundi, narudia kwa sababu naona umeruka. Mfuko haukai kutafuta nani kazembea. Kijana akiteleza, akisahau miwani, bado anatibiwa, na akiwa hawezi kazi kwa muda analipwa asilimia 70 ya kipato chake. Hiyo kandambili unayoishikilia haikusaidii kitu. Mguu ungekatwa, ungemlisha kwako miaka mingapi?

Mzee wa Kayenze
Na sisi wa mitumbwi? Vijana wangu hawana mshahara. Tukitoka ziwani tunatoa mafuta na chakula, kinachobaki tunagawana. Usiku mwingine tunarudi na ndoo moja. Asilimia 0.5 ya nini? Kijana akizama, ni mfanyakazi wangu au mbia wangu? Anayejua anijibu.

Fundi Mkuyuni
Umeona? Mzee kasema. Na huyu wangu vilevile si mfanyakazi. Ni mwanafunzi wa kazi, mama yake alimleta kwa mkono wake. Nampa hela ya kula tu.

Karani Ilemela
Mwanafunzi wa kazi naye yumo kwenye sheria ya fidia.

Ngosha wa Buzuruga
Hela ya kula tu! Anachomelea mageti ya watu na wewe unaweka mfukoni.

Fundi Mkuyuni
Ngosha, mimi nilifundishwa bure na nilibeba vyuma kichwani kutoka Igogo. Leo mwanafunzi anataka mshahara kabla hajajua kunyoosha bomba?

Mzee wa Kayenze
Swali langu limepita hivi hivi.

Binti Igombe
Mzee, nenda Mfuko na huo mgao wako wakakueleze wenyewe, hapa utapata kelele. Fundi, achana na Ngosha. Makoroboi kuna buti za mitumba zenye chuma mbele. Kijana anavaa namba ngapi?

Fundi Mkuyuni
42. Ila mguu mmoja bado una bandeji, haiwezi kuingia.

Binti Igombe
Basi huyo asubiri. Wale watatu wanaoshika grenda kesho asubuhi wanavaa namba ngapi?